UZI: Tulio na kura Marekani, tuache kulalamika WhatsApp. Tuwabane wabunge wetu kuhusu uhamiaji na mengine

Mbeba_Boksi_TX:

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu na najua utaleta povu. Unawahusu hasa Watanzania, Wakenya, Wakongomani na wote wanaoongea Kiswahili ambao wameshaapa uraia wa Marekani na wana kura. Walio nyumbani karibuni pia, maana sheria zinazotungwa Washington zinawafikia mpaka Kariakoo.

Kuna jambo wote tunalijua. Kwenye misiba, harusi na ibada zetu hapa Texas, ukikaa na wazee na kina mama ukasikiliza, wengi ni wahafidhina kuliko jirani mzungu mwenye bendera kwenye pick-up. Hawataki utoaji mimba. Wanataka mzazi ndiye aamue mtoto afundishwe nini. Kwenye uhamiaji, mtu aliyelipia fomu, vipimo na alama za vidole, akasubiri miaka, hafurahi kuona mwenzake kapita pembeni. Mwenye ndugu wa damu anayemwombea green card anajua foleni ya kaka na dada inazidi miaka 15. Lakini msimamo huo unaishia kwenye sahani ya pilau. Mbunge hayumo kwenye group lenu.

Na ninaposema tuwabane, simaanishi Wademokrat peke yao. Wa kubanwa kwanza ni Republican tuliyempa kura sisi wenyewe. Huyo ndiye anayehubiri ulinzi wa mpaka asubuhi, jioni anakula na wenye makampuni wanaotaka mfanyakazi wa bei rahisi asiyeweza kudai haki.

Ukitaka kujua hasira ya wahafidhina ilianzia wapi, rudi 1986. Tarehe 6 Novemba mwaka huo Rais Reagan alisaini sheria iliyowapa makaratasi watu kama milioni 2.7. Makubaliano yalikuwa kwamba kuanzia hapo mwajiri anayeajiri asiye na kibali ataadhibiwa. Upande wa msamaha ulitekelezwa wote. Upande wa mwajiri ukawekewa neno moja tu: lazima awe ameajiri "akijua". Ndipo fomu ya I-9 ilipozaliwa: unaonyesha vitambulisho, mwajiri akiona vinafanana na vya kweli, kamaliza kazi yake. Biashara ya vitambulisho feki ikashamiri.

Waliopita maghalani wanajua. Ghala moja nililobeba boksi nilipofika lilikuwa na jamaa wawili wa jina moja, mmoja zamu ya mchana na mwingine ya usiku. Msimamizi alikuwa anawaita "Carlos wa jua" na "Carlos wa mwezi", na watu wanacheka. Wakala aliyewaleta alikuwa anawakata kila wiki, na hawakuweza kufungua mdomo. Mshahara wetu sote ulikuwa umekaa palepale, kwa sababu ukidai nyongeza unaambiwa kuna watu mlangoni. Ndiyo maana nikisikia kwamba suala hili ni chuki ya wazungu tu, nanyamaza. Anayeumia wa kwanza ni mbeba boksi mwenye makaratasi, wa pili ni yule asiye nayo.

Barbara Jordan alilisema hili mapema. Alikuwa mwanamke mweusi wa hapa hapa Houston, Mdemokrat, mwanasheria. Miaka ya 1990 aliongoza tume ya Congress, yaani bunge la Marekani, kuhusu uhamiaji. Msimamo wake ulikuwa mwepesi kueleweka: anayestahili kuingia aingie, asiyestahili azuiwe, na asiyestahili kuwepo aondoke. Tume yake ilipendekeza uhamiaji halali upunguzwe na kuajiri bila kibali kudhibitiwe kwa njia ya kompyuta. Akafariki Januari 1996, na mengi ya aliyoshauri yakabaki kwenye makabrasha.

Sasa mtauliza, simu ya mbeba boksi itamfanya nini mbunge?

2007: Rais Bush, Republican, alitaka kuwapa hadhi ya kisheria watu wanaokadiriwa milioni 12. Nyuma yake walikuwepo maseneta McCain (Republican) na Ted Kennedy (Mdemokrat), na Chamber of Commerce, chama cha wafanyabiashara wakubwa. Upande wa pili walikuwa watangazaji wa redio na vikundi vya kutaka uhamiaji upunguzwe kama NumbersUSA cha Roy Beck, kilichowarahisishia watu wa kawaida kutuma faksi kwa maseneta wao. Tarehe 28 Juni, siku ya kura, simu za Seneti zilizidiwa mpaka mtambo ukakwama. Zilihitajika kura 60 muswada usonge mbele, zikapatikana 46. Wahafidhina wa vijijini walimwangusha rais wa chama chao wenyewe kwa simu za mezani.

Kisha Eric Cantor wa Virginia. Huyu alikuwa namba mbili wa Republican kwenye Baraza la Wawakilishi, watu wanahesabu siku awe Spika. Juni 2013 Seneti ilipitisha muswada mwingine mkubwa kwa kura 68 kwa 32, na Cantor akaonekana kulegeza kamba kwa vijana walioletwa Marekani bila makaratasi wakiwa watoto. Tarehe 10 Juni 2014 akaingia kura za maoni na mwalimu wa uchumi wa chuo kidogo, Dave Brat. Elewa kwamba kura za maoni za huku si kama za CCM. Hakuna Kamati Kuu ya kumrudisha aliyeshindwa wala kukata jina la aliyeshinda. Wapiga kura wakisema, imetoka. Cantor alitumia zaidi ya dola milioni 5, Brat kama laki mbili. Brat akashinda. Waliopiga kura kwenye jimbo lake lote la uchaguzi hawakufika 70,000. Ule muswada wa Seneti haukuletwa hata siku moja mbele ya Baraza la Wawakilishi.

Hapo ndipo nguvu ilipo. Mbunge wa jimbo la Republican haogopi uchaguzi mkuu wa Novemba. Anaogopa kura za maoni, huku Texas ni Machi, ambazo watu wengi hawajui hata kama zimefika.

Si kwamba kila shinikizo lina busara. Februari 2024 Seneta James Lankford wa Oklahoma, mhafidhina asiye na doa, alileta muswada wa mpaka alioujadili miezi kadhaa na Wademokrat. Ulikaza vigezo vya kuomba hifadhi na kumpa rais uwezo wa kuufunga mpaka pale wanaonaswa wakivuka wakizidi. Trump akaukataa. Ulitangazwa Jumapili, Jumatano ukafa kwa kura 49 kwa 50. Mimi ningeupitisha. Ukisubiri muswada usio na kasoro utasubiri na wajukuu.

Nije Texas. Hapa kwetu Republican wanashika kila kitu, gavana mpaka majumba yote mawili ya bunge. Desemba 2023 Gavana Abbott alisaini SB 4, inayowapa polisi wa jimbo mamlaka ya kumkamata aliyevuka mpaka kinyume cha sheria, ikaishia kwenye mivutano ya mahakamani. Wametumia mabilioni mpakani. Sasa niulize: mbona mwajiri binafsi wa Texas halazimishwi kutumia E-Verify? Huu ni mfumo wa serikali kuu unaolinganisha taarifa za I-9 na rekodi za Social Security (hifadhi ya jamii) na za uhamiaji. Arizona waliulazimisha kwa sheria ya 2007, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaubariki 2011. Florida, tangu Julai 2023, kampuni yenye wafanyakazi 25 na zaidi lazima iutumie. Texas, kelele zote hizi, ni idara za serikali, wakandarasi wake na biashara chache tu. Uliza nani anajenga nyumba Dallas na Houston, utapata jibu.

(Lisemwe mapema: E-Verify haimnasi kirahisi anayeazima jina na namba ya mtu wa kweli, kama kina Carlos. Inamnasa mwenye namba ya kubuni, na hao ni wengi.)

Hata Washington ni hivyo hivyo. Mei 2023 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa mpaka, H.R. 2, kwa kura 219 kwa 213, na E-Verify ilikuwemo. Republican wawili tu waliokataa, Massie wa Kentucky na Duarte wa California, na kilichowakwaza ni hiyo E-Verify. Seneti haikuugusa. Kwa hiyo mbunge wako akikwambia anaunga mkono "usalama wa mpaka", muulize swali la pili: na mwajiri je?

Kwenye mengine, Texas imetufundisha somo hilo hilo. Novemba 2023, Republican 21 wa bunge la jimbo waliungana na Wademokrat kuondoa kwenye muswada fedha za serikali ambazo wazazi wangepewa kulipia shule binafsi. Wengi walitoka vijijini, ambako shule ya serikali ndiyo mwajiri mkubwa. Machi 2024 Abbott akawafuata kwenye kura za maoni mmoja mmoja, na wengi wao hawakurudi. Mei 2025 akasaini SB 2: dola bilioni 1, kama dola 10,000 kwa mtoto anayeenda shule binafsi, kuanzia mwaka wa masomo 2026–27. Kwa wale wenzangu wanaojinyima ili mtoto asome shule ya kanisa, hiyo si siasa tena, ni ada.

Simu yenyewe ni dakika mbili. Unapiga 202-224-3121, unaomba ofisi ya mbunge wako. Atapokea kijana, mara nyingi mwanafunzi wa mazoezi. Atauliza jina na ZIP code (namba ya posta ya unapoishi), kwa sababu ukiwa nje ya jimbo lake la uchaguzi maneno yako hayaendi popote. Usihutubie. Sema: mimi ni mpiga kura, naomba mbunge aunge mkono E-Verify ya lazima kwa kila mwajiri, na ningependa kupata msimamo wake kwa maandishi. Atatia alama kwenye orodha, basi. Lafudhi isikutie aibu. ZIP code haina lafudhi.

Karibuni.

---

Msafiri254:

Boss, nimesoma yote, na uandishi wako uko juu. Lakini hao watu unaowapigia simu, wakipata nguvu unadhani watakutofautisha wewe na Carlos? Mimi niko Minnesota. Umesahau 2020? Januari 31 Trump aliweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye zuio pamoja na Sudan, mkazuiwa viza za lotari ya green card. Hamkuwa mmefanya kosa lolote mpakani, hamna hata mpaka na Marekani! Majirani zenu Kenya tulipona tu kwa bahati. Ukimlisha chui usishangae akimaliza mbuzi.

Mbeba_Boksi_TX:

Mkuu, sijasahau, na hoja yako ina uzito. Ila tazama lile zuio lilitoka wapi. Lilikuwa tangazo la rais, halikupita Congress. Biden akalifuta siku ya kwanza ofisini, Januari 2021, kwa saini hiyo hiyo. Watu waliobahatika mwaka ule nafasi zao zilishapotea, maana lotari inaisha na mwaka wa fedha, 30 Septemba. Mimi kama mhafidhina nataka uhamiaji uamuliwe na sheria ya wabunge ninaoweza kuwatoa, si kalamu ya rais wa chama chochote. Leo imekubana wewe, kesho itamfungulia mwingine. Hilo nalo nalisema kwenye simu.

DadaWaSinza:

Mnaongelea lotari kama vile imekufa. Mimi nimejaza miaka yote tangu nimalize fomu six. Swali kwa mleta uzi, jibu bila kona: unataka ifutwe au ibaki?

Mbeba_Boksi_TX:

Bila kona: naona ifutwe, na nafasi zake wapewe watu kwa vigezo vya elimu, ujuzi na lugha. Lotari iliwekwa na sheria ya 1990, viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka. Sharti lake ni kumaliza sekondari au uzoefu wa kazi wa miaka miwili, halafu kompyuta inachagua. Nesi wa Muhimbili na kijana asiye na mpango wowote wana nafasi sawa. Mfumo wa vigezo ungewafaa watu kama wewe kuliko kamari.

DadaWaSinza:

"Watu kama wewe." Asante. Wewe umeshashiba unatufungia jiko. Huo mfumo wa vigezo upo kwenye muswada gani uliopita? Haupo. Nyie mtafuta lotari kwanza, vigezo mtaleta "baadaye", kama hao waliodanganywa 1986. Naomba usipige hiyo simu mpaka kimoja kiwe mezani pamoja na kingine.

Bwana_Hoja:

Hapo dada kamshika pabaya 😂 Mleta uzi ajibu.

Mbeba_Boksi_TX:

Najibu. Hoja ya kuvipeleka pamoja naikubali, na ndivyo nitakavyoiweka: kufuta bila mbadala, hapana.

MtotoWaNyarugusu:

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambini Kigoma, sasa niko Abilene, Texas, na nimeapa uraia. Kwa mambo ya kanisa, watoto na mimba niko na mleta uzi kabisa. Lakini kuna jambo anarukaruka juu yake.

Sisi hatukupita pembeni. Tulihojiwa na UNHCR, tukahojiwa na Wamarekani, tukapimwa, tukasubiri miaka mingi kambini, wengine tangu kambi ifunguliwe 1996. Hiyo ndiyo foleni, mnayoisifia. Mwaka wa fedha 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Kongo ndiyo ilitoa wengi kuliko nchi yoyote. Januari 20, 2025, mpango ukasimamishwa. Halafu kikomo cha mwaka wa fedha 2026 kikawekwa watu 7,500, na wengi wa hao wapewe Waafrikana wa Afrika Kusini. Mama mkwe wangu alikuwa ameshapasi kila kitu. Ameshauza hata masufuria. Sasa anapika kwa kuazima.

Kwa hiyo na mimi nimempigia mbunge wangu, Republican. Nimemwambia nilimpa kura, na nimemwambia habari ya masufuria.

Mbeba_Boksi_TX:

Ndugu yangu, hiyo ndiyo simu yenye nguvu kuliko yangu, kwa sababu mbunge wa Abilene haitarajii. Na wewe huendi kinyume na uhafidhina hapo. World Relief, ya makanisa ya kiinjili, imepokea wakimbizi miaka mingi; hao wanaoenda kuwalaki uwanja wa ndege na makochi ya mtumba ni washirika wale wale wanaopiga kura Republican. Waambie wachungaji wao nao wapige. Mbunge wa Texas akipigiwa na kanisa la Baptist kuhusu mkimbizi wa Kongo atasikiliza tofauti na akipigiwa na mwanaharakati wa New York.

Msafiri254:

Sasa hapo mnaanza kuongea. Mbona huu ukweli haukuwa kwenye post ya kwanza? Na ile kodi ya kutuma pesa nyumbani, ilikuwa ya hao hao wahafidhina wenu.

Mbeba_Boksi_TX:

Ilikuwa yao, na ilipunguzwa kwa kelele. Muswada wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi mwaka 2025 ulisema asilimia 5 kwa wasio raia, ikashuka 3.5, na sheria iliyosainiwa 4 Julai ikabaki na asilimia 1. Ni kuanzia Januari 2026, kwa anayetuma kwa pesa taslimu, money order na vinavyofanana nayo, awe raia au la. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki ya hapa, haikuhusu. Kwa hiyo mwambieni shangazi aache kwenda na noti dukani.

KijanaWaMbagala:

Mimi nina green card mwaka wa tatu. Naruhusiwa kupiga hizi simu? Na vipi kura? Nilipoenda kuchukua leseni, yule dada wa kaunta aliniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura, nikasema nitafikiria.

Mbeba_Boksi_TX:

Simu piga, hakuna sheria inayokukataza kuongea na ofisi ya mbunge. Ila akikuuliza kama ni mpiga kura, sema ukweli.

KUJIANDIKISHA, HAPANA. Usijaribu. Tangu sheria ya 1993 ofisi za leseni zinauliza karibu kila mtu swali hilo, na anayekuuliza hakuulizi uraia wako kwa undani. Unatia tiki na kusaini mwenyewe. Asiye raia akijiandikisha au akapiga kura ya kitaifa anaweza kushtakiwa, kunyimwa uraia na kurudishwa nyumbani, hata kama alidhani anaruhusiwa. Hii ndiyo sababu mimi siogopi sheria ya kudai uthibitisho wa uraia kwenye uandikishaji, ile SAVE Act iliyopita Baraza la Wawakilishi Aprili 2025 kwa kura 220 kwa 208. Wengine wataniambia inawabana wasio na pasipoti, sawa, tubishane. Lakini ingewaokoa vijana wetu na hiyo tiki.

Subiri miaka yako mitano, jaza N-400, fomu ya kuomba uraia, uape.

Bwana_Hoja:

Nimepiga leo mchana, wakuu. Niko wilaya za kaskazini mwa Dallas. Kijana kapokea, nikasema E-Verify ya lazima, akauliza ni ya Congress au ya bunge la Austin, maana Austin ni ofisi nyingine. Nikaishiwa maneno.

Mbeba_Boksi_TX:

Zote mbili, mkuu. Ya nchi nzima ni kwa huyo huyo wa Congress. Ya jimbo ni kwa mwakilishi wako wa Austin, ambaye ana ofisi yake na namba yake. Ingia tovuti ya bunge la Texas, weka anwani yako, majina yote yatatoka. Wa Austin kikao chao cha kawaida hakizidi siku 140, kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Januari, hivyo muda wa kuwapata wakiwa nyumbani ni sasa. Anza na huyo. Simu zake hazilii sana.